Kupumzika si uvivu: Somo kwa vijana wanaonyanyua vyuma

MIONGONI mwa mambo yaliyoenea sana mitaani mwetu ni vijana kunyanyua vyuma. Ukipita jioni baada ya swala ya Alasiri katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, hukosi kukuta kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, benchi la mbao, bomba la chuma lililomiminiwa zege kwenye makopo ya rangi pande zote mbili, na vijana sita au saba wakipokezana. Wapo pia wenye uwezo wa kulipia jimu zenye mashine.

Ndugu msomaji, hili kwa asili yake ni jambo la kheri. Kijana anayetoka jasho kwenye vyuma ana muda mchache wa kukaa kijiweni na kuvuta bangi. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawahimiza watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote ya mwili angalau siku mbili kwa wiki, mbali na mazoezi ya pumzi kama kutembea na kukimbia.

Hata hivyo, ndani ya kheri hii imeingia dhana potofu, nayo ni kwamba mwenye kunyanyua kila siku, bila kupumzika, ndiye mwanaume, na mwenye kupumzika ni mvivu. Mimi nafundisha vijana wa sekondari, na mara nyingi nimewasikia wakisimangana kwa jambo hili. Aliyekosa siku moja huulizwa kama anaumwa. Aliyekaa dakika tatu kabla ya kurudia kunyanyua huambiwa aondoke benchini awapishe wenye nguvu. Matokeo yake ni kuwa kijana anamaliza miezi sita akiwa na maumivu ya mabega, usingizi wa mang'amung'amu na kifua kilekile alichoanza nacho.

Swali la kujiuliza hapa ni hili: msuli unakua wakati gani? Je, unakua wakati chuma kiko mikononi, au baada ya kukiweka chini?

Msuli unakua lini?

Jibu la wataalamu wa elimu ya mwili liko wazi. Kunyanyua ni amri tu, na ujenzi wenyewe hufanyika baadaye. Chuma kinapouelemea msuli, nyuzi zake huvutwa kwa nguvu, nyingine hupata michaniko midogo isiyoonekana kwa macho, na akiba ya nishati iliyomo ndani yake hupungua. Kwa hiyo mtu anapomaliza mazoezi anakuwa dhaifu kuliko alivyokuwa alipoanza. Asiyeamini na ajaribu kunyanyua uzito wake mkubwa kabisa mwishoni mwa mazoezi, ataona.

Baada ya hapo ndipo mwili unapoanza kazi. Unachukua protini kutoka kwenye chakula na kuiweka ndani ya nyuzi za msuli, unarudisha akiba ya nishati, na kidogo kidogo unaufanya msuli uwe imara kuliko mwanzo ili mzigo ule ukirudi usiutikise tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Canada, walilipima jambo hili kwenye misuli ya mkono na kutoa matokeo yao mwaka 1995. Waligundua kuwa saa 24 baada ya mazoezi mazito kasi ya kujenga protini ndani ya msuli ilikuwa imezidi mara mbili ya kawaida, na ilipofika saa 36 ilikuwa imekaribia kurudi mahali pake. Kwa wengine, hasa wanaoanza, kazi hii huweza kuendelea hadi saa 48.

Tafakari hapo. Kijana aliyenyanyua vyuma vya kifua Jumatatu jioni, Jumanne jioni mafundi wako kazini ndani ya kifua chake. Wamepanga matofali, udongo haujakauka. Yeye anarudi benchini na kuuelemea ukuta uleule mbichi. Akifanya hivyo Jumatano, na Alhamisi, na Ijumaa, ataujenga lini ukuta huo?

Daktari aliyepunguza

Wapo watakaosema haya ni maneno ya watu wa vitabuni wasiojua vyuma. Basi na tumtazame mtu aliyevijua vyuma na udaktari kwa pamoja.

Wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia inaelekea ukingoni, hospitali za jeshi la Marekani zilijaa askari waliovunjika miguu na kuumia magoti. Mifupa ilikuwa ikiunga, lakini misuli ya mapaja ilikuwa imenyong'onyea, na kwa desturi ya wakati ule wagonjwa walipewa mazoezi mepesi yasiyo na uzito wa maana. Daktari Thomas DeLorme, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali moja ya jeshi mjini Chicago, na ambaye mwenyewe alikuwa mnyanyua vyuma, aliamua kuwapa uzito wa kweli, unaoongezwa hatua kwa hatua. Wagonjwa walipata nguvu kwa namna iliyowashangaza madaktari wenzake, na mwaka 1945 akaandika makala ya kitabibu kueleza njia hiyo. Huyu ni mmoja wa watu waliochangia sana kueneza mtindo wa kunyanyua kwa mafungu, ambayo vijana wetu huyaita seti.

Sasa zingatia jambo hili. Mwanzoni DeLorme aliwapa wagonjwa seti 7 hadi 10, kila moja mara 10, yaani mara 70 hadi 100 kwa zoezi moja. Baada ya kuwafuatilia watu wengi zaidi, mwaka 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins waliandika kuwa idadi ile ilikuwa kubwa mno, na kwamba mara 20 hadi 30 zinatosha na zinaleta matokeo bora. Wakapendekeza seti 3 za mara 10: ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, na ya tatu kwa uzito kamili.

Naam, daktari yuleyule aliyewatia askari wagonjwa moyo wa kunyanyua ndiye aliyepunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Alitazama matokeo, akaona mwili una kiwango chake, akakifuata.

Pumziko la aina nne

Pumziko la mnyanyua vyuma si kitu kimoja. Lina ngazi nne, na kila moja ina kazi yake.

Kwanza, ni pumziko la baina ya seti. Msuli unaponyanyua kitu kizito hutumia akiba ya haraka ya nishati ambayo huisha ndani ya sekunde chache, na hurejea kwa sehemu kubwa baada ya dakika 3 hadi 5. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa vijana waliozoea vyuma. Kundi moja lilipumzika dakika moja baina ya seti, jingine dakika tatu, kwa muda wa wiki nane. Waliopumzika dakika tatu ndio walioongeza nguvu zaidi, na misuli yao pia ilinenepa zaidi. Kwa hiyo kwa mazoezi makubwa kama kuchuchumaa na chuma mabegani au kusukuma chuma kifuani, kaa dakika mbili hadi tatu. Kwa mazoezi madogo ya mkono, dakika moja hadi mbili zinatosha. Anayekucheka mwache acheke.

Pili, ni pumziko la baina ya siku. Kanuni nyepesi kwa anayeanza ni kuupa msuli uleule angalau saa 48 kabla ya kuurudia. Ratiba yake ni rahisi: Jumamosi, Jumatatu na Jumatano unafanya mwili mzima, siku nyingine unatembea, unajinyoosha na kufanya shughuli zako. Kwa anayefunga sunna za Jumatatu na Alhamisi, anaweza kuchukua Jumanne, Ijumaa na Jumapili, na bado saa 48 zikatimia.

Hapa kuna swali linaloulizwa sana: mbona fulani ananyanyua siku sita kwa wiki na ana mwili mkubwa? Jibu ni kwamba mara nyingi huyo hafanyi msuli mmoja siku sita. Leo anafanya kifua, kesho mgongo, keshokutwa mapaja, kwa hiyo kifua chake kinapumzika wakati mapaja yanafanya kazi. Aidha, huenda ana miaka kumi kwenye vyuma na mwili wake umezoea. Na wapo, tusifichane, wanaosaidiwa na sindano, jambo tutakalolieleza punde. Wewe mwenye miezi mitatu huwezi kuiga ratiba ya mtu usiyejua anaishi vipi.

Tatu, ni usingizi. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, hasa mwanzoni mwa usiku. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana wa kiume 10 wenye afya, wakawaruhusu kulala saa tano tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja. Homoni yao ya kiume ilipungua kwa asilimia 10 hadi 15 mchana. Hii ni wiki moja tu! Je, kijana anayekesha kila siku hadi saa nane za usiku akitazama mipira na kuchezea simu, kisha akaamka alfajiri? Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na vijana wa sekondari wanahitaji nane hadi kumi. Kwa kuwa Alfajiri haisogezwi, kinachopaswa kusogezwa ni saa ya kulala. Baada ya Isha zima simu, ulale. Na anayeweza kupata usingizi mfupi wa mchana, wa kailula, nao ni msaada mkubwa.

Nne, ni wiki nyepesi. Makocha wengi hushauri kwamba baada ya wiki sita au nane za kazi nzito mtu apunguze kwa wiki moja, kwa mfano anyanyue nusu ya seti zake. Sababu ni kuwa kano na maungio hukomaa polepole kuliko msuli. Msuli unaweza kuwa tayari kwa kilo zaidi wakati kano ya bega bado inalalamika.

Wengi huogopa wiki hii wakidhani nguvu zitapotea. Hazipotei upesi hivyo. Nchini Japani vijana waliokuwa wageni wa vyuma walifuatiliwa kwa wiki 24 katika utafiti uliotolewa mwaka 2013. Kundi moja lilisukuma chuma kifuani bila kusimama. Kundi la pili lilifanya kwa wiki sita, likaacha kabisa kwa wiki tatu, kisha likarudia. Mwisho wa wiki 24 makundi yote mawili yalikuwa yamepata maendeleo yanayokaribiana. Basi kijana anayepumzika wiki moja kwa ajili ya mitihani, safari au mafua hana sababu ya kuhuzunika.

Mbebaji wa zege na msuli wake

Kuna kundi ambalo wengi huwa hatulikumbuki. Ni vijana wanaobeba zege kwenye majengo, makuli wa sokoni na bandarini, na wavuta mikokoteni. Kijana wa namna hii amebeba mizigo tangu asubuhi, jioni anakwenda kwenye vyuma na kufanya sawasawa na mwenzake aliyekaa dukani kutwa. Mwili hautofautishi baina ya ndoo ya zege na chuma cha benchi. Kwa mgongo na mapaja yote hayo ni mzigo. Huyu inampasa ahesabu kazi yake kuwa ni mazoezi. Anyanyue mara mbili tu kwa wiki, ikiwezekana siku zisizo na kazi nzito, na ale vya kutosha.

Kwani pumziko bila chakula ni sawa na kuwaita mafundi bila kuwapelekea saruji. Utafiti mwingi uliokusanywa pamoja mwaka 2018 ulionyesha kuwa mnyanyua vyuma hufaidika na protini ya kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na kwamba zaidi ya hapo faida ya ziada ni ndogo. Kwa mwenye kilo 60 hizo ni gramu 96 hivi. Si lazima zitoke kwenye makopo ya unga ya bei kubwa. Maharage, kunde, dagaa, samaki, maziwa na mayai vinatosha, na yai moja lina gramu 6 hivi. Ugali na wali navyo visidharauliwe, kwa kuwa wanga ndio unaorudisha akiba ya nishati ndani ya msuli.

Dalili za kuzidisha

Mwili ukidhulumiwa hutoa taarifa. Chuma ulichokuwa ukikinyanyua mara nane sasa unakinyanyua mara tano, wiki ya pili sasa. Mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani yanakwenda kasi kuliko kawaida yako. Usingizi unakataa ingawa umechoka. Hamu ya chakula inapungua, hasira zinakuwa karibu, mafua hayaishi. Ukiona mambo haya kwa pamoja usiongeze bidii. Pumzika siku kadhaa, ule, ulale, kisha uanze na uzito mdogo. Hali isipobadilika, nenda kwa daktari.

Maumivu ya kawaida ya msuli huwa makali baina ya saa 24 na 72 baada ya zoezi geni, kisha hutulia. Haya si ya kutisha, na wala si kipimo cha kuwa umefanya vizuri. Lakini iwapo msuli umevimba sana, unauma kupita kiasi, umekosa nguvu, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, usisubiri hata kesho. Huenda nyuzi nyingi za msuli zimevunjika kwa pamoja na mabaki yake yameingia kwenye damu, nayo yanaweza kuua figo. Jambo hili huwapata hasa wanaoanza kwa pupa, au wanaorejea baada ya kuacha muda mrefu, na zaidi wakati wa joto kali na upungufu wa maji. Hiyo ni dharura ya hospitali.

Vidonge na sindano

Kwa bahati mbaya, wapo wanaozima taarifa hizi badala ya kuzisikiliza. Kijana anameza diklofenaki au ibuprofeni kila siku ili arudi benchini. Dawa hizi zikitumiwa ovyo huumiza tumbo na figo. Ajabu zaidi, zinaweza kuzuia kile anachokitafuta. Nchini Sweden vijana waliomeza miligramu 1,200 za ibuprofeni kila siku kwa wiki nane huku wakifanya mazoezi, misuli ya mapaja yao ilikua kwa takriban nusu tu ya wenzao waliopewa aspirini kidogo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018.

Wengine huenda mbali zaidi na kuchoma sindano za homoni za kutunisha misuli, kwa sababu mtumiaji huweza kunyanyua zaidi na kupona haraka. Bei yake hailipwi dukani peke yake. Homoni ya kigeni ikiingia, mwili huacha kutengeneza yake, korodani husinyaa na mbegu za uzazi hupungua au kutoweka kwa muda mrefu. Moyo hupanuka, shinikizo la damu hupanda, na ini huumia, hasa kwa vidonge. Kijana anapata kifua cha kuonyesha leo, kisha anaoa na kuanza kuzunguka kwa madaktari akitafuta mtoto.

Mwezi wa Ramadhani

Ramadhani inahitaji maelezo yake, maana vijana wengi huuliza. Kufunga hakulazimishi kuacha vyuma, ila kunalazimisha kupunguza. Usingizi umegawanyika, maji hayanywewi mchana, na jua letu halina huruma. Kunyanyua vizito saa kumi jioni ukiwa na kiu ni kujiweka kwenye hatari ile ya figo tuliyoitaja. Wakati bora ni saa moja au mbili baada ya futari nyepesi, au baada ya tarawehe. Punguza seti ziwe nusu, fanya siku mbili au tatu kwa wiki, na kunywa maji kidogo kidogo tangu futari hadi daku. Lengo la mwezi huu kwa misuli ni kulinda ulichonacho. Kuongeza kutakuja Shawwal, inshaallah.

Jambo la mwisho ni la kutafakari. Katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imam Bukhari, Abdullah bin Amr (r.a.) alikuwa akifunga kila siku na kusimama kwa ibada usiku kucha. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza afunge na afungue, asimame na alale, na akamkumbusha kuwa mwili wake na macho yake vina haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa kiwango ili mwili usidhulumiwe, vipi kuhusu bomba la chuma na makopo ya zege?

Kwa hiyo, ndugu yangu kijana, nyanyua kwa bidii siku yako ikifika, kisha weka chuma chini kwa moyo mkunjufu. Siku ya kupumzika iandike kwenye ratiba kama unavyoandika siku ya kifua, na uitimize. Na ninyi wazazi, mkimwona kijana ameamua kulala mapema na kukaa nyumbani siku moja, msimwite mvivu. Huenda hapo ndipo anapojengeka.

Wabillahi tawfiq.